Munganga Wangu ao Munganga wa Mutuele?

Ndugu musomaji, mutu akiugua anajiuliza kwanza: Nani atanitunza? Siku hizi kuna ulizo la pili linalofuata mara moja: Nani atalipa? Kama yule anayetunza na yule anayelipa wanapatana, mugonjwa anashukuru. Lakini wasipopatana, mugonjwa anasimama katikati, kama mutu aliyefika penye njia panda usiku bila taa.

Jambo hili linaonekana mara nyingi. Mama anatunzwa na munganga wa macho. Baba anatunzwa na munganga wa moyo. Mutoto aliyezaliwa na miguu iliyopindika anatunzwa na munganga wa mifupa. Kisha mwaka mupya unaanza, jamaa inaingia katika mutuele ya afya, ao mutuele yao inabadilisha mapatano yake, nao wanaambiwa: "Munganga yule hayuko katika orodha yetu. Muende kwa huyu mwingine, ao mulipe ninyi wenyewe." Wanarudi nyumbani na kuzungumza hata usiku wa manane: Tubaki ao tuhame?

Nitasema mawazo yangu wazi tangu mwanzo. Kubadilisha munganga si kosa wala si hatari, kama kunafanywa kwa wakati wake na kwa karatasi zake. Kubaki na munganga wa zamani si ujinga, kama kuna sababu ya kweli. Lakini kuna njia ya tatu, ambayo watu wengi wanaifuata bila kuisema, na ndiyo inayoua: hawabaki, hawahami, wanakaa nyumbani. Hawaendi kwa munganga wa zamani kwa sababu feza hakuna. Hawaendi kwa munganga wa mutuele kwa sababu hawamujui. Wanasema, "Mimi ni mugonjwa wa munganga fulani," lakini tangu miezi mingi hawajamwona, na dawa zao zimekwisha. Mutu wa namna hii ana munganga kwa jina tu.

MUTUELE NI KITU GANI, NA KWA NINI INA MIPAKA

Mutuele ni kikapu kimoja cha watu wengi. Kila jamaa inatia muchango wake kwa hesabu ya watu wa nyumba, wakati wangali wazima. Mumoja akiugua, kikapu kinalipa sehemu ya deni la hospitali, naye analipa sehemu inayobaki. Katika inchi yetu ya Kongo kazi hii si ya jana. Hospitali ya Bwamanda, kaskazini-magharibi ya inchi, ilianza kazi ya namna hii mwaka wa 1986. Tangu wakati ule mutuele zimeanzishwa katika majimbo mengi, na walimu wa shule wana mutuele yao. Tarehe 8 Februari 2017 ilitolewa sheria ya inchi inayoweka misingi ya kazi ya mutuele.

Lakini kikapu kinaweza kuwa tupu. Kwa sababu hiyo kila mutuele inaweka mipaka, na mara nyingi mipaka hiyo ni ya namna ine:

1. Orodha. Mutuele inalipa tu kwa vituo na hospitali ambazo imepatana nazo bei.

2. Ngazi. Unapaswa kuanza katika kituo cha afya karibu nawe. Infirmiye akiona kwamba ugonjwa unapita uwezo wake, anakupa karatasi ya transferi, nawe unaenda Hospitali Kuu ya zoni ya afya. Mutu anayeruka ngazi bila karatasi anaweza kulipa yote mwenyewe, isipokuwa kama amepatwa na hatari ya gafula.

3. Muda wa kungoja. Mutu aliyeingia leo halipiwi kesho. Mara nyingi anangoja majuma ao miezi, kusudi watu wasingoje kuugua ndipo waingie.

4. Mambo yasiyolipwa. Mutuele nyingi hazilipi miwani, wala meno ya kutengenezwa, wala dawa za kila siku za ugonjwa wa miaka mingi. Nyingine zinalipa kwa kiasi fulani tu kwa mwaka.

Usikasirike upesi na mipaka hii. Kama mugonjwa mumoja angemaliza feza yote kwa munganga wa mbali, mama anayehitaji kupasuliwa usiku wa leo ili azae angekuta kikapu ni tupu. Lakini tena usiione orodha kama kwamba inajua mambo ya mwili wako. Orodha inakuambia nani amepatana bei na mutuele. Haikuambii kama munganga yule anajua ugonjwa wako.

MAWAZO MAWILI YANAYODANGANYA

Wazo la kwanza ni hili: "Nikimwacha munganga wangu, nitamuhuzunisha. Amenitunza miaka mingi. Nitaonekana mutu asiye na shukrani." Ndugu, munganga mwema anapenda kusikia kwamba unatunzwa vizuri na mwingine kuliko kusikia kwamba umeanguka nyumbani bila dawa. Shukrani ni neno zuri, lakini haipunguzi damu iliyopanda wala haishushi sukari.

Tena, watu wengi wanamuficha munganga habari ya feza kwa sababu ya haya. Wanasema, "Ndiyo, munganga, nitarudi mwezi ujao," nao wanajua moyoni kwamba hawatarudi. Hii ni hasara kubwa, kwa sababu munganga akijua ukweli anaweza kusaidia. Pengine atabadilisha dawa ya gali kwa nyingine yenye bei ndogo inayofanya kazi ile ile. Pengine atasema, "Usije kila mwezi, inatosha uje kila miezi 3." Pengine anamujua mwenzake aliye katika orodha ya mutuele yako, naye atamwandikia barua. Munganga hawezi kujua mutuele yako inalipa nini kama wewe hukumwambia. Mwambie bila haya.

Wazo la pili ni hili: "Mutuele inalipa, basi kila munganga ni sawasawa." Hapana. Damu iliyopanda (watu wanaiita tansio) ikitulia, inaweza kufuatwa vizuri na munganga wa kawaida, hata na infirmiye aliyefundishwa. Lakini kuna ugonjwa wa jicho unaoitwa glokoma, yaani presha ya jicho. Hauumi mara nyingi, lakini unakula macho polepole, na mwangaza uliopotea haurudi tena. Kuupima kunahitaji chombo chake na mutu anayejua kazi ile. Hospitali inaweza kuwa katika orodha na isiwe na munganga wa macho hata mumoja. Kwa hiyo usiulize tu, "Je, hospitali hii ni ya mutuele?" Uliza tena, "Je, kuna mutu hapa anayetunza ugonjwa wangu, na ana vyombo vyake?"

Kama jibu ni hapana, jambo halijaisha. Rudi kwa mutuele na barua ya munganga, uombe ruhusa ya kutunzwa inje ya orodha. Mutuele nyingi zina munganga mushauri anayesoma barua za namna hii. Wengine wanakataliwa kwa sababu hawakuomba kamwe, ao waliomba kwa mudomo bila karatasi. Omba kwa karatasi, na uombe jibu kwa karatasi.

WAKATI USIOFAA KUHAMA

Naona kuna nyakati tano ambazo mugonjwa asihame kama anaweza kuepuka.

La kwanza, akiwa katikati ya matunzo yenye hatua. Tufikiri yule mutoto mwenye miguu iliyopindika. Munganga anamufunga plasta, anaibadilisha kila juma, na kila mara anageuza muguu kidogo. Kazi hii inadumu kwa kawaida majuma 5 mpaka 7. Mara nyingi anakata kidogo mushipa wa kisigino. Kisha mutoto anavaa viatu vyenye chuma katikati, muchana na usiku kwa miezi 3, halafu usiku tu, hata afikie miaka 4 ao 5. Muzazi asibadilishe munganga katika majuma ya plasta, kwa sababu yule mupya hajui muguu ulianzia wapi na umefika wapi. Lakini plasta zikiisha na viatu vikianza, pengine anaweza kuhamia kituo kilicho karibu, kama wanajua kazi ile. Ona vema: ugonjwa mumoja una wakati wake wa kubaki na wakati wake wa kuhama.

La pili, baada ya kupasuliwa, kidonda ao mufupa ukiwa haujapona. Yule aliyepasua ndiye anayejua alichokiona ndani. Maliza naye siku zile alizokupangia.

La tatu, katika miezi ya mwisho ya mimba, zaidi kama mama alipasuliwa katika uzazi wa mbele, ao ana tansio. Mahali pa kuzalia panapaswa kujulikana mapema, si usiku wa uchungu. Na juu ya feza, uliza kwanza katika zoni yako ya afya. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilianza Kinshasa mupango wa kuzalisha mama bure, kisha mupango ule ukapelekwa katika majimbo mengine. Pengine hospitali ya karibu nawe imo.

La ine, kama ugonjwa haujatulia. Mutu wa kifafa ambaye munganga angali anatafuta kipimo cha dawa yake, mutu wa sukari inayopanda na kushuka kila juma, mutu wa glokoma ambaye presha ya jicho lake haijashuka: hawa wangojee kwanza ugonjwa utulie.

La tano, kama katika orodha hakuna mwingine anayeweza kazi ile.

Katika nyakati hizi tano feza ya kubaki ni feza iliyotumiwa vizuri. Lakini usingojee hata deni likuzidi. Uombe kwanza ruhusa ya mutuele. Kisha uwaambie jamaa, na katika kanisa uwaambie mashemasi, kwa sababu musaada unaoombwa mapema ni mwepesi kutolewa kuliko musaada wa kulipa deni la miezi sita.

Niongeze neno moja hapa. Dawa za kifua kikuu na dawa za ukimwi zinatolewa bure katika programu za taifa, na matunzo ya kawaida ya kifua kikuu yanadumu miezi 6. Mabadiliko ya orodha ya mutuele yasikufanye uache dawa hizo hata siku moja. Ukipaswa kuhama muji, uombe kituo chako karatasi ya kuhama kabla hujaondoka.

WAKATI UNAOFAA KUHAMA

Kama ugonjwa umetulia, na unatumia dawa zile zile tangu mwaka mumoja, na unaenda kwa munganga ili apime tu na kukuandikia dawa tena, basi naona vizuri uhame kwa munganga wa mutuele bila woga. Wagonjwa wengi wa tansio wako hivi. Vilevile wengi wa sukari, na watu wa kifafa ambao tangu muda murefu hawajaanguka. Munganga wa Hospitali Kuu anaweza kuwafuata.

Tena kuna njia ya katikati, ambayo watu wanaisahau. Unaweza kufuatwa na munganga wa mutuele mwaka wote, na mara moja kwa mwaka, kwa feza yako mwenyewe, uende kumwona yule wa zamani ili aangalie kama kazi inaendelea vema. Kwa magonjwa mengi yaliyotulia, njia hii inatosha.

FANYA HESABU YA KWELI

Wengi wanahesabu bei ya munganga tu, na kusahau njia. Tuseme munganga wako wa zamani anaomba franka 30.000 kila mara, na kwenda na kurudi ni franka 20.000, nawe unapaswa kumwona mara 4 kwa mwaka. Hiyo ni franka 200.000. Tuseme tena kwa munganga wa mutuele unalipa sehemu yako franka 6.000, na njia ni franka 4.000. Mara 4 kwa mwaka ni franka 40.000. Tofauti ni franka 160.000. Bei hizi nimezitia kwa mufano tu. Wewe utie zako. Kisha ujiulize: Zile 160.000 zingenunua dawa ya miezi mingapi?

Mutu anayetumia feza yote kwa kumwona munganga mukubwa, kisha anakosa feza ya kununua dawa alizoandikiwa, amelipa shauri tu. Karatasi ya dawa iliyowekwa katika sanduku haitunzi mutu.

Na umbali wenyewe ni bei. Huko Bwamanda ilionekana kwamba wanachama waliokaa mbali na hospitali waliitumia kidogo kuliko wale waliokaa karibu, ijapokuwa wote walilipa muchango. Mutu wa mbali anapoteza siku ya shamba, analala njiani, anahitaji wa kumusindikiza. Haya yote uyahesabu pia, kwa sababu ukiyasahau leo, mwezi wa tatu yatakufanya ubaki nyumbani.

NAMNA YA KUHAMA VIZURI

Wengi wanaopata hasara katika kuhama hawakuharibiwa na munganga mupya. Waliharibiwa na namna walivyohama, mikono mitupu, kama mutu anayekimbia moto. Fanya hivi:

1. Omba barua kwa munganga wa zamani. Iwe na jina la ugonjwa, mwaka ulipoanza, dawa zote na vipimo vyake, dawa ambazo zilijaribiwa zikashindwa ao zikakudhuru, majibu ya labo na picha, na kazi iliyobaki kufanywa. Yale munganga anayoyajua juu yako kwa miaka mingi, sehemu kubwa inaweza kuandikwa. Kama barua haipatikani, piga picha za fishi yako kwa simu.

2. Peleka dawa zako zote katika mufuko mumoja kwa munganga mupya, na sanduku zake. Dawa moja inaweza kuuzwa kwa majina mengi. Amlodipini ya tansio, kwa mufano, inauzwa katika sanduku za majina mbalimbali. Kuna wagonjwa wanaoandikiwa jina jingine kwa munganga mupya, nao wanaendelea kumeza lile la zamani pia. Wanafikiri ni dawa mbili, kumbe ni moja iliyoongezwa mara mbili, na damu inashuka hata wanaanguka.

3. Usivuke bila dawa ya mwezi mumoja mukononi. Dawa nyingine haziachwi gafula. Mutu wa kifafa akiacha fenobarbital kwa gafula, kifafa kinaweza kumushika mfululizo bila kukoma, naye anaweza kufa. Mutu wa moyo akiacha propranololi kwa gafula, moyo unaweza kupata taabu kubwa. Kwa hiyo umwone munganga mupya kabla dawa za yule wa zamani hazijaisha.

4. Kama unajipiga sindano ya insulini, uangalie chupa na sindano pamoja. Chupa nyingi zina vipimo 100 katika mililita moja. Kuna sindano zilizofanywa kwa chupa ya vipimo 100, na sindano za zamani zilizofanywa kwa chupa ya vipimo 40. Ukivuta insulini ya 100 kwa sindano ya 40 hata mustari wa 10, umevuta kweli vipimo 25. Sukari inashuka gafula, na mutu anapoteza akili. Ukipewa chupa ao sindano mpya mahali papya, umwonyeshe infirmiye kwanza jinsi unavyovuta.

5. Mwambie munganga mupya ukweli: "Nimekuja kwa sababu ya mutuele, si kwa ugomvi." Ataona kwamba matunzo ya mbele yalikwenda vema, naye hatakuwa na haja ya kubadilisha kila kitu.

6. Usimuhukumu siku ya kwanza. Munganga wa zamani naye hakukujua siku ya kwanza. Mupe nafasi ya mara tatu. Lakini ukiona hali yako inaharibika, yaani kifafa kinarudi, macho yanafifia, pumzi inakatika, miguu inavimba, usingojee mara ya tatu. Urudi upesi, ukaombe transferi.

NENO KWA VIONGOZI WA MUTUELE

Nimesema mengi kwa mugonjwa. Si haki muzigo wote uwe juu yake. Naona ninyi munaoongoza mutuele munapaswa kufanya mambo matatu.

Kwanza, munaposhika muchango, orodha iwe imekwisha kusomwa. Watu wengine wanalipa kwa nyumba nzima, kisha wanajua mwezi wa pili kwamba munganga wao hayumo. Orodha isomwe kwa sauti katika mukutano, kwa sababu si wote wanaojua kusoma, na isomwe pamoja na yale yasiyolipwa. Mutu ajue anachonunua.

Pili, mukiacha mapatano na hospitali fulani, musiwakate wagonjwa siku hiyo hiyo. Mama mwenye mimba amalize kuzaa. Aliyepasuliwa amalize kupona. Mutoto amalize plasta zake. Jambo hili linawezekana. Katika Marekani, ambako watu wengi wanalipiwa na kampuni za bima, na ambako kampuni hizo zina orodha kama zetu, sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2022 inawapa wagonjwa wa namna hii hata siku 90 za kuendelea na munganga wao kwa masharti yale yale, kama mapatano yake na kampuni yamekatika. Sisi hatuna feza kama zao. Lakini sheria hii haihitaji hasa utajiri. Inahitaji kwamba viongozi wakumbuke, siku ya kutia sahihi, kwamba kuna mutu aliye katikati ya njia.

Tatu, jibu la kukataa liwe na sababu. Mugonjwa anayeambiwa "hapana" bila sababu anakaa nyumbani. Anayeambiwa "hapana, lakini nenda pale" anaenda pale.

Nanyi wanachama, musilalamike sokoni tu. Mutuele ina mukutano mukuu wa wanachama. Ni pale mupaka unapowekwa, na ni pale unapoweza kusogezwa. Anayekosa mukutano kila mwaka anawaachia wengine kuchagua munganga wake.

MAULIZO YA KUJIULIZA NYUMBANI

Basi, ndugu, ukiambiwa kwamba munganga wako hayuko katika orodha, keti na watu wa nyumba yako, ujiulize haya:

Je, ugonjwa wangu umetulia, ao niko katikati ya matunzo?

Je, katika orodha kuna mutu anayetunza ugonjwa huu, mwenye vyombo vyake?

Je, nimeomba ruhusa ya mutuele kwa karatasi?

Je, nimemwambia munganga wangu ukweli juu ya feza?

Je, kwa mwaka muzima, pamoja na njia na dawa, nitaweza kweli kulipa ile ninayoichagua?

Ulizo la mwisho lipite mengine yote. Usichague munganga unayemupenda kwa mwezi mumoja, kisha ukabaki bila munganga miezi kumi na mumoja. Chagua yule utakayeweza kumufikia tena mwezi ujao, na mwezi unaofuata, na mwakani. Na ukikwisha kuchagua, uende kesho asubuhi. Usingojee dawa ziishe.